Chumvi ya Mawe ya Rangi ya Waridi: Asili, Viambajengo na Matumizi Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia akilini majuzi nilipomtembelea shangazi yangu hapa Eldoret. Shangazi amekula chumvi nyingi, na daktari amekwisha kumwonya kuhusu shinikizo la damu. Juu ya meza yake palikuwa na kichupa cha chumvi yenye rangi ya waridi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba chumvi hiyo ni dawa: kwamba ina madini themanini na manne, kwamba inashusha shinikizo la damu, na kwamba mtu anaweza kuila bila kujipimia. Ile chumvi ya kawaida ya pakiti alikuwa amekwisha kuipeleka kwa ng'ombe.

“Wewe mwanangu unasomea Kiswahili huko chuoni,” aliniambia. “Hebu nielezee hapa pameandikwa nini.”

Lebo yote ilikuwa ya Kiingereza. Nilimfasiria neno kwa neno, na nilipomaliza nikatambua kwamba bado sikuwa nimemjibu. Alichotaka kujua ni kama chumvi ile ingemfaa au ingemdhuru. Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kueleza asili ya chumvi hiyo, viambajengo vyake na matumizi yake, kisha kutaja kitu kimoja muhimu ambacho kwa kawaida hakimo ndani yake.

Chumvi katika msamiati wetu

Kabla ya kuichambua chumvi yenyewe, ni vyema tutazame majina tuliyo nayo, maadamu kitu kisicho na jina ni vigumu kukijadili. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Mbali na chumvi, kuna munyu, neno la Kibantu ambalo ndugu zetu Waluhya pia wanalo. Kuna magadi, ambayo huwekwa katika maharagwe na mboga za kienyeji ili zilainike upesi. Kuna shura, iliyotumiwa tangu zamani kutengenezea baruti. Kuna chumvi ya haluli, inayonywewa ili kuendesha tumbo. Kisha kuna chumvi ya mawe, yaani ile inayochimbwa ardhini ikiwa mwamba, tofauti na ile inayokaushwa kutokana na maji ya bahari.

Chumvi tunayoizungumzia ni aina ya chumvi ya mawe. Wafanyabiashara huiita chumvi ya Himalaya. Katika makala haya nitaiita chumvi ya waridi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoitofautisha na nyingine mbele ya macho ya mnunuzi.

Asili yake

Sehemu kubwa ya chumvi ya waridi inayouzwa duniani hutoka katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, kwenye safu ya vilima vya chumvi iliyo kusini mwa mji mkuu wa Islamabad. Mgodi wake mashuhuri ni ule wa Khewra. Kwa hakika vilima hivyo viko mbali na vilele vya Himalaya tunavyovijua katika picha. Jina hilo ni la kibiashara zaidi kuliko la kijiografia.

Masimulizi ya wenyeji yanadai kuwa mgodi huo uligunduliwa mwaka 326 K.K., pale farasi wa jeshi la Aleksanda Mkuu walipoonekana wakilamba mawe. Tuichukue simulizi hiyo kama ngano, ingawa ngano hiyo ina mantiki, kwa kuwa wanyama hutambua chumvi kabla ya binadamu. Mnamo mwaka 1872, enzi ya utawala wa Waingereza, mhandisi aitwaye Warth alichimba njia kuu ya chini kwa chini inayotumika hadi leo. Wachimbaji huondoa takriban nusu ya chumvi na kuiacha nusu nyingine isimame kama nguzo ili mlima usiporomoke.

Je, mwamba huo ulitoka wapi? Wanajiolojia wanaeleza kuwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita palikuwa na bahari mahali hapo. Maji yake yalitengwa na bahari kuu, jua likayakausha, na chumvi ikabaki chini, tabaka juu ya tabaka. Baadaye udongo na mawe vikaifunika. Bara Hindi liliposukumana na bara la Asia, ardhi ilijikunja na kuinuka, na tabaka hizo zikapandishwa karibu na uso wa nchi. Kwa hiyo chumvi ya waridi nayo ni chumvi ya bahari, ila bahari yake ilikauka kabla ya kuwapo kwa mnyama yeyote wa nchi kavu. Haina tofauti ya kimsingi na chumvi inayokaushwa kwa jua Gongoni na Marereni katika Kaunti ya Kilifi, ambayo ndiyo inayokolezea vyungu vingi vya Kenya.

Jirani zetu wa Mlima Elgon

Msomaji asidhani kuwa mawe ya chumvi ni mambo ya ughaibuni tu. Kaskazini-magharibi mwa Eldoret, katika Mlima Elgon, kuna mapango yanayojulikana kwa chumvi yake, likiwemo Kitum. Usiku ndovu huingia ndani ya pango hilo gizani, wakaubomoa ukuta kwa pembe zao, kisha wakatafuna vipande vya mwamba ili wapate sodiamu, madini ambayo ni haba katika majani ya mlimani. Wasabaot nao walikaa katika mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao, na wakawakwangulia ng'ombe chumvi kutoka kwenye kuta. Msafiri Joseph Thomson alifika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883.

Katika Kikalenjin, mahali ambapo mifugo hupelekwa kulamba chumvi huitwa ng'eny, na majina kadhaa ya mahali katika eneo letu yamebeba neno hilo. Tofauti na mwamba wa Khewra, ulioachwa na bahari, ule wa Elgon ni wa volkano.

Ni vyema pia tusiichanganye chumvi ya waridi na rangi inayoonekana katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Ziwa hilo nalo huwa na wekundu wa waridi unaowavutia wapiga picha. Hata hivyo, wekundu huo husababishwa na viumbe vidogo mno vinavyopenda maji yenye chumvi kali. Isitoshe, kinachovunwa huko kwa wingi ni magadi, ambayo hutumiwa hasa katika utengenezaji wa vioo na sabuni. Rangi zinafanana, lakini asili zake ni mbalimbali.

Viambajengo vyake

Chumvi yoyote ya mezani, iwe nyeupe au ya waridi, ni kloridi ya sodiamu, muungano wa elementi mbili: sodiamu na klorini. Katika chumvi ya waridi, kloridi ya sodiamu huwa kati ya asilimia 96 na 99. Kinachosalia ni jasi kidogo, potasiamu, magnesiamu, kalisi na oksidi ya chuma. Oksidi hiyo ya chuma ndiyo inayoipa rangi. Kwa lugha nyepesi, waridi lile ni kutu. Panapokuwa na kutu nyingi, jiwe huwa jekundu zaidi. Inapokosekana, huwa jeupe au hupenyeza mwanga kama kioo.

Ni kweli kwamba vipimo vya maabara hugundua chembechembe za madini mengine mengi. Lakini kugunduliwa si sawa na kutosha. Mathalani, ndizi moja mbivu ina takriban miligramu 400 za potasiamu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya waridi aghalabu hakifikishi hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Mtu anayetaka kupata madini kwa njia ya chumvi hiyo atalazimika kula chumvi nyingi mno, nayo itamdhuru kabla madini hayajamfaa. Anayesema kuwa kichupa kile ni ghala la madini amezidisha, yaani ametia chumvi katika habari za chumvi.

Matumizi yake

Matumizi ya kwanza ni ya jikoni. Chumvi hii husagwa na kutiwa chakulani kama nyingine yoyote. Punje zake kubwa hupendwa na wapishi wa nyama choma kwa sababu huyeyuka polepole na kumfanya mlaji azihisi ulimini. Vibamba vyake hupashwa moto na kuchomewa nyama au samaki juu yake.

Matumizi ya pili ni ya mifugo. Bonge la chumvi ya mawe huning'inizwa zizini ili ng'ombe walambe. Wafugaji wa maziwa wa Uasin Gishu wanafahamu umuhimu wa jambo hili. Hata hivyo, bonge hilo haliwezi kuchukua mahali pa madini kamili ya mifugo, kwa vile ng'ombe wa maziwa huhitaji pia fosforasi na madini mengine ambayo humo ni haba au hayamo kabisa.

Matumizi ya tatu ni ya mapambo na starehe. Mawe hutobolewa na kutiwa taa ndani; mengine huyeyushwa katika maji ya kuogea. Taa hizo zina mwanga wa kupendeza. Ama madai kwamba zinasafisha hewa au kuponya pumu, hayajathibitishwa kisayansi.

Kuhusu shinikizo la damu, chumvi ya waridi haina nafuu yoyote. Kiini chake ni sodiamu ileile. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote alivyokula siku hiyo. Kipimo hicho hakibagui rangi.

Kinachokosekana

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Chumvi ya kawaida ya pakiti nchini Kenya hutiwa iodini. Jambo hilo lilifanywa kuwa la lazima kisheria mwaka 1978. Sababu yake ilikuwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni unaosababishwa na ukosefu wa iodini. Nyanda za juu ndizo huathirika zaidi, kwa kuwa mvua ya karne nyingi huiosha iodini kutoka ardhini na kuipeleka baharini. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahindi na mboga za udongo kama huu haziwezi kutegemewa kutupatia iodini ya kutosha.

Rovu huonekana kwa macho, lakini madhara makubwa zaidi hayaonekani. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni huweza kudumaa, na dosari hiyo haiponi. Chumvi ya waridi kwa asili yake haina iodini ya kutosha, na nyingi huuzwa bila kuongezewa. Familia inayoitupa chumvi ya pakiti na kushika hii peke yake huweza kuipoteza kinga yake bila kujua.

Wenzetu wa Tanzania huiita iodini madini joto. Wanaisimu tunaweza kulijadili jina hilo tutakavyo, lakini mama wa nyumbani akilisikia hulikumbuka. Hilo ni funzo kwetu. Istilahi ambayo inamfikia anayepika ina kazi kubwa kuliko ile inayobaki kamusini.

Hitimisho

Tumeona kuwa chumvi ya waridi ni masalio ya bahari ya kale, kwamba rangi yake ni kutu, na kwamba karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Anayeipenda kwa ladha au kwa sura hana kosa, mradi ajipimie na ahakikishe kuwa iodini anaipata kwingine. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao.

Shangazi nilimweleza haya yote kwa Kiswahili cha kawaida, bila lebo mkononi. Alinisikiliza, akauliza maswali mawili ya haki kuhusu mjukuu wake anayetarajiwa, kisha akaituma pakiti irudishwe kutoka zizini. Kichupa cha waridi kingali mezani, kwa ajili ya wageni. Sisi wanachama na walimu wa Kiswahili tuna deni. Maelezo kama haya yangalikuwa yameandikwa kwa lugha ya mnunuzi na kubandikwa kwenye kichupa, shangazi asingalihitaji kungoja mpwa wake atoke chuoni.