Majani ya miti kando ya barabara huhifadhi sumu ya moshi na vumbi

MAGARI yanayosafirisha miraa kutoka Maua kuelekea mjini Meru na Nairobi hupita Kianjai kila siku, yakifuatwa na moshi na vumbi. Sehemu ya uchafu huo hutua kwenye majani ya miti na mazao yaliyo kando ya barabara, ukiwa umebeba metali nzito ambazo ni hatari kwa afya.

Metali hizo hutoka sehemu mbalimbali za gari. Matairi yanapolika humwaga zinki, nazo breki hutoa shaba. Madini ya risasi yaliongezwa katika petroli kwa miaka mingi, hadi Kenya na mataifa mengine ya Afrika kusini mwa Sahara yalipoachana nayo kufikia Januari 2006, kufuatia Azimio la Dakar la 2001. Hata hivyo, risasi haiozi. Iliyotua ardhini zama hizo ingali katika udongo wa kando ya barabara kuu, na hupeperushwa upya pamoja na vumbi.

Jani hunasa chembe hizo kwa njia kadhaa. Nta iliyo juu yake hushika vumbi, na majani yenye vinyweleo au mikunjo hunasa zaidi kuliko yaliyo laini. Chembe ndogo mno huweza kupenya kupitia vitundu ambavyo jani hutumia kupumua. Isitoshe, mizizi hufyonza baadhi ya metali kutoka udongoni na kuzipandisha hadi kwenye majani. Kadiri jani linavyokaa mtini, ndivyo mzigo wake unavyoongezeka, hasa wakati wa kiangazi ambapo hakuna mvua ya kuliosha.

Kwa sababu hiyo, wanasayansi katika nchi nyingi hupima majani ya miti ili kubaini kiwango cha uchafuzi wa hewa, badala ya kutegemea mitambo ya bei ghali pekee.

Madhara ya risasi si jambo la kubahatisha. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kabla ya kufungwa mnamo 2014. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi wa kuwafidia Sh1.3 bilioni. Uchafu wa magari haulingani na wa kiwanda kama hicho, lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, hususan kwa ubongo wa mtoto.

Kwa mkulima wa Kianjai, ua wa miti kando ya barabara una faida, kwani huzuia vumbi lisifikie shamba. Lakini majani ya ua huo hayafai kulishwa mbuzi na ng'ombe, wala kutengenezewa mbolea ya mboga, kwa kuwa sumu iliyozuiwa itarejea kwa mlango mwingine.

Sukuma wiki na mchicha vipandwe mbali na lami, kwa sababu uchafu hupungua sana baada ya makumi machache ya mita. Kuosha mboga kwa maji mengi safi huondoa vumbi la juu, ila hakuondoi kilichofyonzwa na mizizi. Miraa nayo hutafunwa mbichi, hivyo mlaji afaa kuiosha kwanza.