Mlango wa Oveni Ukigoma Kufunguka

Mlango wa oveni ukigoma kufunguka, usikimbilie bisibisi. Oveni za umeme zinazojisafisha zenyewe hupandisha joto hadi karibu nyuzi 500 za Selsiasi, ili mafuta na mabaki ya chakula yaungue yawe majivu. Ndiyo maana komeo hujifunga, wala haliachii mpaka joto lishuke. Huo si ubovu, ni kinga ya mikono yako na ya watoto.

Taabu huja umeme unapokatika katikati ya kazi hiyo. Komeo aghalabu huendeshwa na mota ndogo, na bila umeme mota haifanyi kazi. Basi zima oveni, uiache ipoe kabisa, hata kwa saa mbili. Umeme ukirudi na kutulia, izime kwenye swichi ya ukutani kwa dakika tano, kisha uiwashe tena. Mara nyingi komeo huachia.

Likikataa, muite fundi. Ukiuvuta mlango kwa nguvu, komeo litapinda au kioo kitapasuka, na kioo kipya ni ghali kuliko ujira wa fundi.