Nanga Kwenye Chupa, Tembo Kwenye Kibuyu

Mji huu wa Johannesburg hauna bahari. Uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na bandari zilizo jirani nao, yaani Durban na Maputo, kila moja iko mbali zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Hata hivyo bahari hutufikia mezani siku za sherehe, maana imo katika majina na picha za chupa za bia.

Makala haya si ya kumshawishi mtu anywe. Katika koo zetu wapo ambao dini imewakataza, wapo walioacha, na wapo wanaokunywa kwa kiasi. Tunazungumzia vinywaji kwa kuwa ndani yake mna habari za safari, na sisi ni watu wa safari.

Tuanze na wenye meli. Zamani bia ilikuwa chakula cha baharia wa Ulaya. Maji ya kunywa yaliyotiwa mapipani yalioza baada ya wiki chache, lakini bia ilidumu zaidi. Katika manowari za Uingereza posho ya baharia mmoja ilikuwa galoni moja ya bia kwa siku, yaani zaidi ya lita 4. Waholanzi waliotia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 walitaka kituo cha kuwapatia mabaharia wao mboga, nyama na vinywaji, na kufikia mwaka 1658 bia ilikuwa ikipikwa huko huko Rasi. Basi bia ya kizungu iliingia Afrika ya Kusini kwa ajili ya meli.

Halafu ikaja biashara ya India. Pipa lililotoka London lilizunguka Rasi, likavuka ikweta mara mbili na kukaa baharini miezi kadhaa katika joto. Wapishi wa bia wa karibu na gati za London, na baadaye wale wa mji wa Burton, walizidisha maua machungu yaitwayo hopsi, ambayo huzuia bia isiharibike. Hivyo ndivyo ilivyopata jina ile iitwayo India Pale Ale. Uchungu wake ulikuwa dawa ya safari.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba miji ya bandari ilitia alama zake kwenye chupa. San Francisco, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha Anchor, maana yake nanga, ambacho jina hilo lilianza kutumika mwaka 1896 na milango yake ikafungwa mwaka 2023. Singapore nako kuna bia ya jina hilo hilo, iliyoanza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Beck's ya Bremen, Ujerumani, ina ufunguo, ambao ni nembo ya mji huo wa bandari.

Jirani zetu wa Msumbiji wana habari tamu zaidi. Bia yao ya 2M ni kifupi cha Mac-Mahon, rais wa Ufaransa. Mwaka 1875 yeye ndiye aliyeamua kesi ya Uingereza na Ureno juu ya Ghuba ya Delagoa, akaipa Ureno ushindi. Ghuba hiyo ndiyo yenye bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na mwaka 1895 reli kutoka huko ilifunguliwa mpaka Transvaal, ikawa mlango wa migodi yetu. Bia nyingine ya huko, Laurentina, imebeba jina la mji wenyewe wa zamani. Basi anayekunywa 2M anataja hukumu ya bandari pasipo kujua.

Na Castle, bia ya hapa hapa Johannesburg? Hiyo ni bia ya wachimbaji wa dhahabu. Kampuni ya South African Breweries iliundwa mwaka 1895 juu ya kiwanda cha Castle, na jina hilo maana yake ni ngome. Lakini wazee waliokaa Mombasa na Dar es Salaam wanalijua jina hilo kutoka baharini: meli za kampuni ya Union-Castle zilitia nanga katika bandari zetu, na nyingi ziliitwa kwa majina ya ngome. Safari za meli zao za barua kati ya Southampton na Afrika ya Kusini zilikoma mwaka 1977. Bia imebaki.

Sasa tutazame chupa za nyumbani. Tusker ya Nairobi ina ndovu. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa ndugu wawili walioanzisha, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni. White Cap ina theluji ya Mlima Kenya. Tanzania wana Kilimanjaro, wana Safari, wana Ndovu. Mwaka 1993 kampuni ya hapa Johannesburg ikaingia ubia katika Tanzania Breweries, na kwa hiyo bia ya nyumbani na mji wetu wa ugenini vikawa na tajiri mmoja. Milima ipo, wanyama wapo. Jahazi halimo, mashua haimo, ngalawa haimo, ingawa Dar es Salaam yenyewe, penye bandari, ilipata kiwanda cha bia tangu mwaka 1933.

Kwa nini? Kwa sababu bia ya Afrika Mashariki ilikulia bara, kwa walowezi na wawindaji, ikafuata reli na barabara. Pwani haikuingojea. Pwani ilikuwa na kinywaji chake, na jina lake ni tembo.

Hapa vijana hucheka, maana wao tembo ni mnyama. Mtu wa pwani mnyama humwita ndovu, na tembo kwake ni maji ya mnazi. Mgema hupanda mnazi kwa vidato vilivyokatwa katika shina, akiwa na kisu chake kiitwacho kotama. Hulifunga karara la maua kabla halijafunguka, hulikata ncha, hutundika kibuyu, na hurudi asubuhi na jioni kulikata tena kidogo ili utomvu usikome. Likiteremshwa asubuhi ni tembo tamu. Hamira ya hewani hulichachusha tangu likiwa juu ya mti, na kufikia jioni ni tembo kali. Likilala na kuamka huanza kuwa siki. Ndiyo sababu halikupata chupa wala nanga: hakuna hopsi ya kulishikilia mpaka Bombay, seuze Johannesburg. Tembo halisafiri.

Kila mtoto wetu aliyesoma Kiswahili ameimba darasani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukimwuliza mgema ni nani, hunyamaza. Neno limevuka mpaka, maana yake imebaki Kilifi na Tanga.

Lakini liko jambo kubwa kuliko maneno. Mtaalamu mmoja, David Parkin, alichapisha mwaka 1972 kitabu juu ya Wagiriama, akaeleza kwamba mashamba na minazi vilipouzwa, waliokunywa pamoja walikuwa mashahidi. Hati ilikuwa vinywa vya watu. Katika posa na mahari za Wamijikenda mnazi una kazi iyo hiyo: ukishapokewa na kunywewa mbele ya wazee, neno limekubaliwa. Kibuyu kilikuwa mhuri.

Hapa Johannesburg mahali pa mnazi tumeweka kreti la bia, au la soda kwa wasiokunywa. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba kreti limekuja bila mashahidi. Vinywaji hugawiwa, muziki hupigwa, watu hutawanyika, na miaka mitano baadaye, ndoa ikiingia matata, hapatikani mzee wa kusema, “Mimi nilikuwapo, na neno lilikuwa hivi.” Wengi wetu tumeyaona hayo katika koo zetu, na wanaoumia huwa ni wanawake na watoto walio mbali na wajomba zao.

Basi ombi kwa koo zote ni hili. Siku ya posa, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, iwe ya Castle, ya Tusker au ya maji matupu, mzee mmoja wa kila upande asimame, ataje yaliyokubaliwa, na mashahidi watajwe kwa majina, wake kwa waume. Majina hayo yaandikwe katika daftari la ukoo. Na wazee wanaojua kotama na karara wawaeleze vijana siku hiyo hiyo, wakiwa wameketi pamoja nao.