Abiria Mwenzangu, Rafiki Yangu

Tunapofundisha insha ya safari kwa wanafunzi wa Ruhwa, kwenye mto ulio mpaka wa Rwanda na Burundi, bahari huwa ngeni. Hata hivyo mfano upo: mwaka 1926 meli Ryndam iliondoka New York na wanafunzi wapatao 500, wakaizunguka dunia huku wakisoma.

Je, mwanafunzi wa namna hiyo huishi na nani? Nahodha huongoza chombo, mabaharia hufanya kazi, naye husoma na kula pamoja na abiria wenzake. Hapa sarufi ina neno. Tunasema "nahodha wetu", "baharia wetu", lakini aliyezoeana nasi ni "rafiki yangu", wakiwa wengi "marafiki zangu"; si "rafiki wangu". Ndivyo zilivyo nomino za uhusiano kama ndugu na jirani. Penginepo upatanisho ni wa viumbe hai: "rafiki mzuri amefika".

Rafiki ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya mwenzi, hasa wa njiani. Basi hata mwanafunzi aliyesafiri kwa basi la Kamembe tu anayo insha ya kuandika: nani alikaa kando yake, na lini "abiria mwenzangu" akawa "rafiki yangu"?