Mtoto Asitolewe Hospitali Kabla ya Dawa Kwisha

Mtoto wa miaka mitano au sita akisema jino lake lalegea, hakuna mzazi anayeshtuka, maana huo ndio umri wa kung'oka meno ya utoto. Lakini katika kaunti za Kenya zilizo kando ya Ziwa Victoria, na kadhalika katika sehemu kadha za Pwani, kuna kulegea kwingine kusikofaa kupuuzwa. Meno ya mbele yako imara, bali magego ndiyo yanayocheza, mawili au matatu kwa mara moja, na ufizi umetuna. Mtoto hung'olewa jino, na uvimbe hauondoki. Baada ya majuma machache shavu limejaa, na huenda jicho la upande ule likawa limeanza kusukumwa nje. Kwa watoto wengine taya halina neno lo lote. Tumbo ndilo livimbalo, na jamaa hudhani ni minyoo au bandama la malaria.

Ugonjwa huo waitwa saratani ya Burkitt, nao ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote zimpatazo mwanadamu. Chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Huwapata zaidi watoto wadogo, na wavulana kuliko wasichana. Mzazi anayengoja mahindi yauzwe ndipo ampeleke mtoto hospitali, ashindana na kitu kisichongoja. Walakini kwa sababu iyo hiyo ya kukua upesi, ugonjwa huu huisikia dawa upesi vile vile. Hapo ndipo penye tumaini, na hapo ndipo penye mtego.

Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957 mwenzake, Dr Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mwanamume aliyevimba taya kulia na kushoto, juu na chini. Muda si mrefu baadaye Burkitt alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba namna ile ile. Hapo akaanza kutafuta. Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua motokaa kuukuu wakasafiri maili 10,000 hivi, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali hata hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa huo hukaa mahali penye joto na mvua, palepale penye mbu wa malaria. Mwaka wa 1964 wataalamu wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Leo yajulikana kwamba kirusi hicho karibu kila mtoto wa Afrika hukipata, wala hakimdhuru. Lakini malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, mwili wake hudhoofika katika kukizuia, na katika wachache saratani huzuka. Basi mtoto hakuambukizwa saratani na mtu, wala hawezi kumwambukiza ndugu yake kwa kula naye sahani moja.

Mulago ya siku zile haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi. Kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa, akaona jambo ambalo hakulitarajia: uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa dozi chache tu. Dawa za namna ile, yaani siklofosfamidi, vinkristini na metotreksati, ndizo zingali msingi wa matibabu hata sasa. Katika Kenya hutolewa katika hospitali kubwa kama ile ya Kenyatta, Nairobi, ya Moi, Eldoret, na ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu.

Kwanza daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe kitazamwe kwa darubini. Kisha huchukua uboho kidogo kutoka mfupani na maji kidogo kutoka uti wa mgongo, apate kujua ugonjwa umefika wapi. Wazazi wengi huiogopa sindano ya mgongo kuliko saratani yenyewe, kwa kuwa wamesikia ati hupoozesha miguu. Hofu hiyo haina msingi. Tena dawa nyingine hupitishwa njia iyo hiyo, ili ugonjwa usipate maficho katika ubongo. Dawa hutolewa kwa duru. Baada ya kila duru mtoto hupumzishwa majuma mawili au matatu, damu yake ipate kujijenga tena. Kwa saratani ya Burkitt kazi yote huchukua miezi, ambapo saratani ya damu iwapatayo watoto mara nyingi hutaka miaka miwili mpaka mitatu. Miezi si mingi, ila kwa jamaa yenye ng'ombe wawili na ekari moja ni mirefu.

Mtego wenyewe ni huu. Baada ya duru ya kwanza au ya pili shavu hushuka. Jicho hurudi mahali pake. Mtoto aliyekuwa hamezi hata uji huomba ugali, na kucheza na wenziwe wodini. Huko nyumbani magugu yameota, mtoto mchanga analilia titi, na baba apiga simu kuuliza, "Si amekwisha kupona? Rudini basi." Mama naye amechoka kulala kitanda kimoja na mgonjwa, au chini kando yake. Wanafunga mzigo. Madaktari wa magharibi ya Kenya wameandika mara nyingi kwamba kuacha matibabu katikati ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowapoteza watoto wenye saratani ambayo ingaliweza kupona.

Mkulima aijuaye ndago atafahamu. Akilikata jani kwa jembe shamba huonekana safi, lakini vijikunyanzi vyake vimebaki ardhini, na mvua ya kwanza huvifufua. Chembe za saratani zilizosalia hazionekani kwa macho wala hazimuumi mtoto. Duru za mwisho hutolewa kwa ajili ya hizo. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuliko ulivyokuwa, na dawa zilizouangusha mara ya kwanza huenda zisiuangushe tena.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajaondoka nyumbani, yafaa jamaa wakae barazani waamue, si habari ya duru ya kwanza tu, bali ya ile ya mwisho. Nani atakwenda naye? Nani atakama ng'ombe, na nani atawaangalia watoto wanaobaki? Desturi ni kwamba mama aenda, nyanya abaki na wadogo, na baba atafuta fedha. Si desturi mbaya. Lakini baba aliyeuza mtamba mmoja akasema, "Mimi nimemaliza yangu," bado hajamaliza. Hata duru moja tu akienda yeye kukaa wodini, mama atapata kuiona nyumba yake, na yeye mwenyewe atayasikia maneno ya daktari kwa masikio yake badala ya kuletewa habari. Mabishano mengi ya simu yangekwisha kwa njia hiyo. Watu wawili wazijue tarehe za kurudi na majina ya dawa, na yote yaandikwe katika daftari moja linalokwenda na mtoto. Karani mmoja katika ukoo aweza kupewa kazi hiyo.

Kuna maneno mengine huzuka barazani, na hayafai kufichwa. Miongoni mwa Wajaluo huenda mzee akasema kwamba hii ni chira, mwiko umevunjwa. Penginepo husemwa ni jicho la jirani. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Mzee astahili heshima yake, lakini jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60, na hakuna alichokula mama, wala alichotenda baba, kilichomletea mtoto uvimbe huo. Ikiwa jamaa wamekwisha kumpa mtoto dawa za miti, na wamwambie daktari waziwazi, maana nyingine hupigana na dawa za hospitali au huumiza ini. Daktari mwema hatawagombeza. Akiwagombeza, hata hivyo wamwambie.

Mtoto akirudi nyumbani katikati ya duru, hatari kubwa ni homa. Dawa zinazoua saratani hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na upungufu huo huzidi baada ya juma moja au mawili. Wakati huo joto likifika 38 mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, na mzazi aseme mlangoni kabisa kwamba mtoto huyu yuko katika dawa za saratani. Kumpa dawa ya malaria ya dukani na kungoja mapambazuko kumewagharimu wengine sana. Maji yake yachemshwe, na maziwa pia. Chakula kiive vizuri na kiliwe kingali moto, isipokuwa kinywa kimetoka vidonda, hapo uji uliopoa humfaa zaidi. Nywele huanguka, kisha huota tena. Vinkristini huweza kumfungisha choo na kumfanya ajikwae miguu. Haya daktari aambiwe. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na asipigwe chanjo yo yote kabla ya kuuliza.

Na mtoto mwenyewe? Watu wazima hudhani kwamba wa miaka sita hajui kitu. Ajua sana. Akiambiwa, "Twaenda dukani," akajikuta chini ya sindano, siku nyingine atapiga mayowe tangu langoni, wala hatamwamini tena aliyemshika mkono. Afadhali aambiwe kwa maneno machache kwamba itauma kidogo, kwamba mama atakuwapo, na kwamba kesho kutwa watarudi nyumbani, kama kweli watarudi. Ndugu zake nao wasisahauliwe. Msichana wa miaka kumi aliyeachwa kupika na kubeba maji aweza kuacha shule kimya kimya, na mtu asijue mpaka mwalimu aulize.

Habari ya fedha haina budi kusemwa wazi. Bima ya zamani ya NHIF ilikwisha mwaka wa 2024, na mahali pake ikaja Halmashauri ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa mapato, wala mchango wake hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mtoto hutibiwa kwa bima ya mzazi wake, lakini kuna kikomo cha fedha kwa mwaka, kwa hiyo mzazi amwulize karani wa hospitali mapema, si siku fedha zinapokwisha. Jamaa ambayo haijajiandikisha ijiandikishe sasa, watoto wakiwa wazima.

Bima hailipi nauli ya matatu, wala chakula cha mama wodini, wala kibarua wa kupalilia. Hivi vidogo ndivyo vinavyowarudisha watu nyumbani kabla ya wakati. Harambee nyingi hufanywa mwanzoni, wakati shavu limevimba na kila mtu ana huruma. Fedha zote hutumika kwa mwezi mmoja, na duru ya nne ikifika hakuna wa kumwita tena, kwa sababu mtoto aonekana mzima. Busara ni kuweka kando nauli za duru za mwisho siku ile ile ya harambee, katika mkono wa mtu asiyekopeka kwa urahisi. Chama cha akina mama kingeweza kuishika kazi hiyo vizuri kuliko mjomba mwenye duka.

Baada ya dozi ya mwisho mtoto hurudi shuleni, lakini tarehe za kliniki zabaki. Saratani ya Burkitt, ikirudi, mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza. Mtoto akipita miaka miwili salama, madaktari humhesabu kuwa amepona. Katika ziara hizo daktari hupapasa tumbo, hutazama ufizi na kupima damu. Ni kazi ya nusu saa, ambayo jamaa nyingine huamka usiku wa manane kuifikia, wakiwa na daftari lao na nauli ya kurudia.