Dumuzi: Kutoka Mtini hadi Ghalani

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa Afrika Mashariki anayehifadhi mahindi, kikulacho kimo ghalani mwake. Makala haya yanaeleza asili ya dumuzi, ambaye jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus, na jinsi alivyoenea. Hoja yetu ni kwamba dumuzi ni wa ukoo wa watoboaji wa miti, na kwamba nasaba hiyo ndiyo inayoeleza nguvu zake na udhaifu wake.

Dumuzi ni mbawakawa mdogo mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4.5. Ni wa familia ya Bostrichidae, ambayo wadudu wake wengi huishi kwa kutoboa miti iliyokauka. Mwili wake ni wa mviringo mrefu, kichwa kimefichwa chini ya kifua, na taya zake ni imara. Kwa ufupi, mageuko ya viumbe yalimpa umbo la keekee ya seremala. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na mwanasayansi George Horn alimweleza kwa mara ya kwanza mnamo 1878. Mahindi nayo yalianza kulimwa huko Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita. Kwa mdudu aliyezoea kutoboa mti mkavu, punje iliyokauka juu ya gunzi haikuwa kitu kigeni. Ilikuwa ngumu kama mti lakini yenye lishe zaidi.

Kuhusu kuenea kwake, dumuzi aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa katika eneo la Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchini Kenya alionekana Taveta mwaka 1983. Mwaka 1984 aligunduliwa Togo, upande wa pili wa bara. Kutoka vituo hivyo alisafiri ndani ya magunia ya nafaka, akafuata barabara na masoko hadi nchi nyingine nyingi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mapema katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache tu yaliweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake. Kilichosalia kilikuwa punje zenye matundu na vumbi la unga. Aidha, makopa ya muhogo hayakunusurika.

Lugha haikukaa kimya. Baadhi ya wakulima wa Tanzania walimwita Scania, jina la lori kubwa. Nchini Kenya aliitwa Osama, kutokana na Osama bin Laden, ambaye kundi lake lilishambulia Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Majina haya yanadhihirisha ubunifu wa wasemaji na ukubwa wa hofu yao. Hata hivyo, yanamsawiri mdudu huyu kama janga lisilozuilika, ilhali tabia zake zinaeleweka.

Kwanza, dumuzi hutoboa vizuri zaidi punje inapokuwa imeshikiliwa imara, kama ubao ulioshikwa na jiliwa. Ndiyo sababu mahindi yaliyo katika magunzi huharibika upesi kuliko yaliyopukuchuliwa. Pili, dawa za jamii ya oganofosfeti zilizotumiwa dhidi ya fukusi hazikumdhibiti dumuzi ipasavyo, na zile za pairethroidi zilimmudu dumuzi lakini zikamshindwa fukusi. Ikabidi zichanganywe. Hivyo wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi, kuyakausha, kuyachanganya na dawa ya unga na kuyahifadhi katika chombo safi. Mifuko isiyopitisha hewa na maghala ya chuma ni njia nyingine.

Tatu, dumuzi dume akipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake, wa kike na wa kiume. Harufu hiyo hiyo humwita adui yake wa asili kutoka Amerika ya Kati, mbawakawa aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye hula mayai na mabuu yake. Adui huyo aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Katika maeneo kadhaa alipunguza idadi ya dumuzi, japo hakuwamaliza. Kwa nini? Kwa sababu dumuzi hakusahau mtini: angali anaishi katika miti mikavu ya misituni, na kila msimu anaweza kurudi ghalani.

Yatokanayo na maelezo haya ni kwamba vita dhidi ya dumuzi havina siku ya ushindi wa mwisho; ni kazi ya kila mavuno. Kazi hiyo inahitaji maelezo ambayo mkulima atayaelewa. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu. Jina Osama humfundisha mkulima kuogopa. Maelezo ya gunzi, punje na harufu humfundisha la kufanya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuja na uponyaji, lakini mwenyeji anayemfahamu nasaba yake hatakosa unga.