Seftriaksoni ya Msuli na ya Mshipa: Si Kila Boksi Humfaa Kila Mgonjwa

Wakazi wengi wa Kibaha na Kisarawe wanaifahamu seftriaksoni kwa sura: kichupa cha kioo chenye unga mweupe, ambacho ndugu wa mgonjwa huenda kukinunua pale dawa inapokosekana kituoni. Kisichofahamika sana ni kwamba dawa hiyo hutayarishwa kwa njia mbili, na kuzichanganya kunaweza kuhatarisha maisha.

Unga ni ule ule. Tofauti ipo katika kimiminika cha kuuyeyushia. Sindano ya msuli huuma sana, hivyo unga huyeyushwa kwa lidokeini, ambayo ni dawa ya ganzi. Baadhi ya maboksi huuzwa yakiwa nayo ndani. Kwa sindano ya mshipa hutumika maji ya sindano, mililita 10 kwa gramu 1, kisha dawa husukumwa polepole kwa dakika 2 hadi 4. Mchanganyiko wenye lidokeini hauingizwi kamwe kwenye mshipa, kwani huweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege.

Wapo wanaoamini kuwa ya mshipa ndiyo "kali" na ya msuli ni ya wanyonge. Imani hiyo haina msingi. Ya mshipa hufika haraka, ndiyo maana hupendelewa kwa mgonjwa mahututi, kama mwenye homa ya uti wa mgongo. Ya msuli hufikia kilele katika damu baada ya saa 2 hadi 3, lakini dawa yote hufyonzwa.

Mtoto mchanga asiyezidi siku 28 hapewi seftriaksoni iwapo anahitaji dripu yenye kalsiamu, kwa kuwa viwili hivyo hugandamana na kudhuru mapafu na figo.

Kwa hiyo anayekwenda duka la dawa, iwe Mlandizi au Maneromango, achukue cheti cha daktari kinachotaja njia ya kuchoma. Akirudi, amkabidhi muuguzi boksi zima pamoja na kimiminika chake, na aseme iwapo mgonjwa amewahi kudhurika na penisilini. Duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Hospitali ya Tumbi kabla dozi haijaisha aulize, kabla ya kuondoka wodini, ni kituo gani kilicho karibu na nyumbani kwake kitakachomchoma sindano zilizosalia.